Gari Hainywi Gesi

Sisi ni vijana wanne wa kambi yetu tunaofanya kazi katika garaje ndogo huku Mibirizi. Familia kadhaa zimetuuliza kuhusu klima, ile mashine ya baridi ndani ya gari: mbona kila mara ni kulipia gesi?

Familia tatu zilichanga pesa, zikanunua Corolla ya zamani ifanye teksi kati ya Kamembe na Bugarama. Kwa miezi mitano iliongezewa gesi mara tatu, kwa mafundi tofauti. Kila mara baridi ilikaa wiki mbili tatu, kisha ikapotea. Pesa ya mara ya tatu ilikuwa imewekwa kwa madaftari na sare za watoto. Papa anayeiendesha akatuletea, akasema: "Wanangu, hii gari inakunywa gesi."

Hapana, Papa. Petroli inaungua na kwisha, lakini gesi ya klima inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya radieta inatoa joto lake, halafu gesi inapanuka nyuma ya dashibodi na kupoza hewa. Ikipungua kidogo kwa miaka mingi, si ajabu. Ikipungua kwa wiki, kuna mahali inapotokea, na fundi anayejaza bila kutafuta mahali hapo anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, tena kwa pesa yako.

Tulianza kwa macho. Gesi husafiri pamoja na oili ya kompresa, kwa hiyo inapotokea gesi, oili nayo hutoka kidogo na vumbi hushika hapo. Tuliona doa jeusi chini ya kondensa. Tukadhani jiwe la barabarani limeitoboa, kumbe ilikuwa oili ya injini tu. Ndipo tukajaza naitrojeni ndani ya mabomba (si hewa ya kujazia matairi, ile ina unyevu) na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Kwenye bomba linaloingia kompresa, povu likaanza kuvimba taratibu, vipovu vidogo kama vya maziwa. Ringi ya mpira ilikuwa imekauka na kupasuka. Kitu cha bei ndogo kabisa!

Tuliweka ringi mpya, tukaipaka oili yake, tukabadilisha na chujio la kukausha unyevu, maana maji yakibaki ndani yanakula vyuma. Halafu pampu ikanyonya hewa yote kwa dakika 45. Hapo mdogo wetu mmoja akasema pampu imechoka, kwa sababu mshale ulisimama karibu na 25 na kitabu kinasema karibu 30. Pampu ni nzima. Kitabu kinasema habari za pwani. Sisi tuko juu, mita 1,500 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Muhimu ni kwamba tulifunga valvu, tukangoja nusu saa, na mshale haukusogea. Ndipo tukatia gesi kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya kapo. Si kwa kukisia.

Wengine watasema klima ni anasa, fungua dirisha. Huko Bugarama, kwenye joto na vumbi, mama aliyetoka hospitali na mtoto mchanga hatakubaliana nanyi. Na ukipita msitu wa Nyungwe wakati wa mvua, kioo kinajaa ukungu usione mbele. Klima ndiyo inayokausha hewa na kukisafisha. Hiyo ni maisha ya watu.

Maji safi yanayodondoka chini ya gari klima ikiwaka si ugonjwa, ni unyevu wa hewa tu. Msilipie "kuziba" maji hayo. Lakini fundi akitaka kutia gesi ya kupikia, chukueni gari lenu mwondoke: bomba likipasuka kwenye ajali, hiyo gesi inashika moto. Na gesi ya klima yenyewe msiiguse ikitoka, inagandisha ngozi na kuharibu macho.

Wala isiachiliwe hewani. Gesi ya R134a, iliyo katika magari mengi ya umri huu, kilo moja yake inapasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za hewa ya ukaa. Ni kuhusu gesi za jamii hii ambapo mataifa yalikutana hapa kwetu Rwanda, mjini Kigali, mwezi wa Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza. Kwa hiyo gari likija na gesi ndani, tunaivuta kwa mashine iingie kwenye chupa yake kabla ya kufungua bomba lolote.

Ile Corolla sasa ina miezi minne bila kuongezewa. Papa amerudi mara moja tu, kwa ajili ya breki.