Hukumu ya Aliyelala

Mtu akikosa ndege ya alfajiri, hukumu yake hutoka kabla ndege haijaruka: alilala. Hakuna anayeuliza zaidi. Usingizi ni kosa ambalo kila mtu analielewa, halihitaji shahidi, na mshtakiwa hawezi kujitetea kwa sababu wakati wa tukio hakuwa na habari.

Hukumu hiyo niliisikia uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, tukiwa kundi la wafanyabiashara wa Kariakoo tuliokwenda China kufuata mzigo. Tulikuwa tumetua jana yake mchana, tulale usiku mmoja tu, alfajiri turuke kwenda Yiwu. Kiongozi alipokusanya pasipoti akakuta imepungua moja, ya mama mmoja muuza vyombo, mtu ambaye Kariakoo huwa ameshafungua duka wakati jirani zake bado wako kwenye daladala. "Kalala huyo," akasema mmoja wetu. Mwingine akadakia kwamba mtu mzima haamshwi.

Mambo yalikwenda hivi. China iko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Ikifika saa kumi alfajiri Guangzhou, mwili uliotoka Dar juzi bado unahesabu saa tano usiku, ndiyo kwanza unaanza kupitiwa na usingizi. Saa ya ndani ya mwili haigongwi muhuri uhamiaji. Hujisogeza taratibu, takribani saa moja kwa siku, na ukisafiri kuelekea mashariki husuasua zaidi. Wengi wetu tulikodolea dari macho mpaka saa tisa. Mama yule alikuwa ameizuia simu yake isijibadilishe, ibaki na saa za nyumbani, asije akawapigia wanawe usiku wa manane. Humohumo akategesha alamu ya saa kumi. Na alamu ililia barabara, kama ilivyoagizwa: saa kumi ya Dar, ambayo Guangzhou ni saa tatu asubuhi na jua limeshapanda.

Na sisi tuliokuwa macho? Tulihangaika na WhatsApp, ambayo China imefungiwa. Ujumbe wa waliokuwa na VPN ulibaki na tiki moja. Wa wengine haukuondoka kabisa. Hakuna aliyemwomba mhudumu wa kaunta apige simu mapokezi hotelini, ingawa kadi ya hoteli yenye namba ilikuwa mfukoni mwa kila mmoja. Masanduku tuliyahesabu mlangoni moja baada ya jingine, yakawekwa alama kwa kalamu nene. Watu walijihesabu wenyewe. Isitoshe, wanawake hawakugawanyika wawili wawili, kwa hiyo yeye ndiye aliyebahatika chumba cha peke yake, na usiku ule tulimwonea wivu.

Kuna mwanariadha wa Suriname, Wim Esajas, aliyebeba hukumu kama hiyo sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1960 alikwenda Roma kwenye Olimpiki, mwanamichezo wa kwanza wa nchi yake kufika huko, akimbie mita 800. Hakukimbia. Habari iliyozagaa ni kwamba alilala mbio zikampita, na akajulikana hivyo. Mwaka 2005 Kamati ya Olimpiki ya Suriname ilichunguza upya ikakuta kwamba katibu mkuu wa kamati hiyo alimwambia mbio zake ni mchana, kumbe zilikuwa asubuhi. Alikuwa chumbani akipumzika kama alivyoelekezwa. Wakamwandikia barua ya kumwomba radhi na kumpa tuzo ya heshima. Akafariki wiki mbili baadaye. Miaka 45 ya kuitwa msinziaji, kwa saa iliyotajwa vibaya na mtu mwingine!

Kwetu kuamshana ilikuwa kazi ya mtu. Ukiwa na basi la mikoani la alfajiri, unakwenda kulala kwa shangazi aliye karibu na stendi, na shangazi ndiye anayeamka kwanza, anabandika chai, anagonga mlango mpaka uitike kwa sauti ya mtu mwenye akili zake. Mwezi wa Ramadhani vijana hupita mitaani na ngoma kuamsha watu wale daku, ingawa kila nyumba ina simu. Adhana ya alfajiri nayo huongezwa maneno yasiyokuwemo katika adhana nyingine, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Adhuhuri hakuna haja ya kumkumbusha mtu hilo.

Mama alifika Yiwu usiku kwa treni ya kasi. Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya kwenda na kurudi, na ukikosa kipande cha kwanza, kwa kawaida shirika hufuta na kilichobaki, kwa hiyo hasara ikawa ya safari mbili. Nilipendekeza tumchangie. Mmoja akauliza: na kesho mwingine akipotelea sokoni tutachanga tena? Swali lilikuwa na uzito, sikulidharau, ila lingekuwa na uzito zaidi kama angalau mmoja wetu angekwenda kugonga ule mlango. Wengine wakatoa, wengine wakainamia simu zao. Jambo moja tu lilipita bila ubishi: orodha ya vyumba iandikwe upya, kila mlango uwe na wa kuugonga. Kiongozi akapangiwa milango mitatu, akanung'unika kwamba yeye naye ana usingizi.