Usijumlishe Masaa

Ndugu msomaji, wewe baba ao mama mwenye mtoto katika darasa la sita, nataka kukusimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu. Linanitia haya kidogo, kwa sababu mchungaji hapendi watu wajue kwamba alishindwa na hesabu ya watoto. Lakini pengine litakusaidia.

Ilikuwa jioni. Umeme ulikuwa umekatika, tukawasha mshumaa. Binti yangu wa tatu akaleta kaye yake. Alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Hesabu ilikuwa hii: Robine ya kwanza peke yake inajaza tanki kwa masaa 3. Robine ya pili peke yake inajaza tanki ileile kwa masaa 6. Zikifunguliwa zote mbili pamoja, tanki itajaa kwa masaa ngapi?

Nikajibu upesi, bila kushika kalamu: «3 na 6 ni 9. Gawanya kwa 2. Masaa 4 na nusu. Andika.»

Mtoto hakuandika. Akaniangalia, akasema: «Lakini Papa, ile robine ya kwanza yenyewe inajaza kwa masaa 3. Sasa namna gani zikiwa mbili zinachelewa?»

Mtoto alisema kweli, na mimi nililiona palepale. Lakini badala ya kusema «tuangalie tena», nilikasirika. Nikamwambia kwamba watoto wa siku hizi wanafundishwa kubishana na wakubwa. Akaandika 4 na nusu, akafunga kaye, akaenda kulala. Kesho yake mwalimu akaikata ile hesabu kwa kalamu nyekundu.

Toka siku ile mtoto hakuniletea kaye tena. Alikuwa anaenda kuuliza kwa jirani. Mama yake ndiye aliniambia: «Baba, mtoto anakuogopa. Ao hakuamini tena, mimi sijui.»

Neno lile lilinichoma. Katika shule ya Biblia tulijifunza mambo mengi, lakini hesabu za robine niliziacha nyuma tangu utoto. Basi nikaenda kwa Mzee mmoja wa kambi yetu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye pompe za kutoa maji ndani ya mine. Nikamweleza yote. Akacheka sana.

«Pasta, wewe unajumlisha masaa. Masaa hayajumlishwi. Jumlisha kazi. Uliza kila robine: katika saa moja, wewe unatoa nini?»

Akaokota kipande cha makala, akaanza kuandika chini. «Kitabu hakisemi tanki iko kubwa namna gani. Basi tuipe kipimo sisi wenyewe. Tafuta hesabu inayogawanyika kwa 3 na kwa 6. Tuseme 12. Tanki yetu iko ya ndoo 12.»

Ndugu msomaji, chukua kalamu nawe, usifanye kama mimi. Robine ya kwanza inatoa ndoo 12 kwa masaa 3: ni ndoo 4 kila saa. Robine ya pili inatoa ndoo 12 kwa masaa 6: ni ndoo 2 kila saa. Zote pamoja, ndoo 6 kila saa. Ndoo 12, gawanya kwa 6: masaa 2. Imekwisha.

Shuleni mwalimu anaandika kwa sehemu: 1/3 ya tanki na 1/6 ya tanki ni 1/2. Nusu ya tanki kwa saa moja, tanki nzima kwa masaa 2. Ni njia ileile. Ndoo zinasaidia tu macho kuona.

Tena shika alama hii: wakiingiza maji wawili, lazima wamalize mbele ya yule mwenye mbio akiwa peke yake. Jibu likipita masaa 3, ujue umekosa. Mtoto wangu aliijua alama hiyo bila kufundishwa.

Kisha Mzee akaongeza tundu. «Sasa tuseme chini ya tanki kuko tundu. Peke yake linamaliza tanki iliyojaa kwa masaa 4.» Basi tundu linatoa ndoo 3 kila saa. Zinaingia 6, zinatoka 3, zinabaki 3. Ndoo 12, gawanya kwa 3: tanki itajaa kwa masaa 4. Kinachoingia unaongeza, kinachotoka unapunguza. Watoto wengi wanasahau hapo, wanaongeza vyote.

Nikamwuliza: «Na kama tundu linatoa ndoo 6?»

«Haitajaa hata siku moja. Maji yatabaki palepale yalipo. Na likitoa 7, hata tanki iliyokuwa imejaa itashuka.»

Hapo hakucheka tena. Akaniambia kwamba mine nayo ni tanki, paka sisi hatutaki ijae. Maji yanaingia kutoka kwenye mawe mchana na usiku, hata siku ya Noeli, hata kama hakuna anayechimba. Pompe ikitoa kidogo kuliko yanayoingia, maji yanapanda. Wenyeji wa kwetu wanajua habari ya Kipushi. Uchimbaji ulisimama kule mwaka 1993, lakini maji hayakusimama. Ilibidi pompe ziendelee. Mwaka 2011 zikashindwa, na maji yakapanda ndani ya mine. Kuyashusha tena ilikuwa kazi ya miaka, na ni mwaka 2024 tu mine ile ilipoanza tena kutoa zinki. Basi vijana, msiseme kwamba hesabu ya robine ni mchezo wa walimu.

Wala si hesabu ya jana. Kuko kitabu cha Wachina wa kale, cha miaka karibu 2000, kinachoitwa Sura Tisa. Ndani yake kuko bwawa lenye mifereji 5. Wa kwanza unalijaza mara 3 kwa siku moja. Wa pili unalijaza kwa siku 1, wa tatu kwa siku 2 na nusu, wa nne kwa siku 3, wa tano kwa siku 5. Fanya kama Mzee: bwawa liwe la ndoo 15. Kwa siku moja mifereji inatoa ndoo 45, 15, 6, 5 na 3. Jumla 74. Bwawa litajaa kwa 15/74 ya siku, haifiki masaa 5.

Usiku ule nilimwita binti yangu mbele ya ndugu zake. Nikamwambia: «Mama, ile siku ni mimi nilikosa. Wewe ulisema kweli, nami nilikufokea.» Hakujibu kitu. Siku ya kwanza hakuleta kaye, wala siku ya pili. Siku ya tatu akaja, akaiweka mbele yangu, akangoja. Nilielewa anachongojea. Nikachukua kalamu.

«Mama, tanki hii tuipe ndoo ngapi?» Akaniambia, tukaanza.

Wewe baba, mtoto hatakudharau kwa sababu hukujua hesabu. Atakuacha kwa sababu ulijifanya kujua, kisha ukamfokea. Maji yanayotoka kwa tundu hilo, ndoo za siku nyingi hazitoshi kuyarudisha.

Nanyi vijana, jaribuni hii: Robine moja inajaza tanki kwa masaa 4, nyingine kwa masaa 12. Tundu linaimaliza kwa masaa 6. Vyote vitatu vikiwa wazi, tanki itajaa kwa masaa ngapi? Jibu ni masaa 6. Mkae na wazazi wenu, muwaonyeshe njia. Wakikosa, muwavumilie.