Kumtafuta Bibi Aliyeuzwa

Mtu atokaye Lubumbashi kwenda Kinsevere huelekea kaskazini, mwendo wa kilomita 30 hivi. Tulipita kati ya miti ya miombo na vichuguu virefu kuliko mtu, mpaka vumbi la malori likatuarifu kwamba mgodi u karibu. Mgodi huo wa shaba umo mikononi mwa kampuni ya MMG tangu mwaka 2012. Lakini hatukwenda kutazama shaba. Mwenzetu mmoja alikuwa akitafuta asili ya mama wa bibi yake. Katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikuwa amekuta jina moja tu, bila ukoo.

Tulimkuta mama mzee barazani, tukamwamkia kwa heshima, “Jambo, Nkambo.” Akamtazama mwenzetu, akamwuliza, “Mama yako ni wa ukoo gani?” Habari za baba hakuziuliza. Ndivyo ilivyo kwa Walamba na jirani zao: mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenzetu akaanza kuhesabu: mama, bibi, mama wa bibi. Hapo akanyamaza. Nkambo akasema polepole, “Basi huyo alinunuliwa.”

Neno hilo lilitushtua. Yeye akatueleza kama mtu aelezaye habari za mavuno. Mwanamume akioa mwanamke huru, watoto ni wa ukoo wa mkewe, na wajomba wana haki juu yao. Akioa mtumwa, hakuna mjomba ajaye kudai. Watoto hubaki wake. Kwa hiyo mwanamke asiye na ndugu alikuwa mali ya thamani.

Tukakumbuka habari za Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba wa zamani za Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891. Baba yake alimtoa rehani kwa ajili ya deni, asimkomboe. Akauzwa tena na tena, mara kumi kwa hesabu yake. Twayajua hayo kwa kuwa mmisionari Dugald Campbell alimsikiliza akayaandika. Wangapi hawakupata msikilizaji!

Tukamsimulia Nkambo habari za mwanamke mwingine, wa zamani zaidi. Mwaka 1619 merikebu ya Kireno iliondoka Luanda, nchi ya Angola, ikiwa na mateka kama 350. Karibu na pwani ya Meksiko merikebu mbili za Kiingereza ziliishambulia na kunyang'anya baadhi yao. Mmoja wa mateka hao alifikishwa Virginia, akawekwa katika nyumba ya kapteni William Pierce huko Jamestown. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1625 ameandikwa Angelo, mwanamke mweusi aliyekuja kwa merikebu Treasurer. Siku hizi huitwa Angela. Baada ya hapo haonekani tena katika maandishi. Tangu mwaka 2017 wataalamu wamechimba ardhi ya kiwanja kile, wakitafuta alama za maisha yake. Mahali pa ukoo wake paliandikwa jina la merikebu.

Nkambo alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, “Alipolia, alilia kwa lugha gani?”

Tulitazamana. Hesabu ile haikuuliza jambo kama hilo. Tukajibu kwamba labda alilia kwa Kimbundu, maana vita vya miaka ile vilikuwa katika ufalme wa Ndongo, na mateka wengi walitoka huko.

“Na bibi yako?” akamgeukia mwenzetu. “Alipokubembeleza, aliimba kwa lugha gani? Wimbo wa kubembeleza mtu huutoa kwa mama yake.”

Mwenzetu alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akatamka maneno matatu, ambayo tangu utotoni aliyadhani kuwa ni sauti tupu za kumtuliza mtoto. Nkambo hakuyafahamu. Lakini jirani yake, aliyekuwa akipepeta unga uani, aliinua kichwa akacheka: “Hicho ni Kiluba!”

Mwenzetu ameyaandika katika daftari. Mvua zikikoma atakwenda Bukama.