Nusu Siku Juu ya Mlima Longonot

Sisi watu wa pwani tumelelewa na bahari. Mlima kwetu ni jambo la kuhadithiwa. Binti yangu alipopata nafasi ya chuo huko bara, karibu na Naivasha, babake alisita kumwachia. Mwishowe akanambia, "Mama watoto, nenda naye ukaione hiyo nchi kwa macho yako, kisha uje unipe jawabu."

Tukafuatana na kaka yake. Shughuli za chuo zilipokwisha, vijana wakaniomba tuupande Longonot, mlima wa volkano ulio kusini-mashariki ya Ziwa Naivasha, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983. Kilele chake kina urefu wa mita 2,776 kutoka usawa wa bahari.

Mama mwenzangu, ukiazimia safari hii, anza mapema. Sisi tuliondoka langoni saa moja asubuhi. Njiani hakuna maji wala kivuli cha kutegemea, basi kila mmoja achukue maji yake, si chini ya lita mbili. Ardhi ni jivu la kale lililogeuka vumbi jembamba, na miteremko huteleza. Viatu viwe vya kufunga kamba. Mimi nilivaa suruali pana ndani ya dera, nikalipandisha kidogo, nikaenda kwa stara na kwa wepesi.

Saa tatu tukafika ukingoni. Subhanallah! Mbele yetu shimo kubwa la duara, ndani yake msitu wa kijani, na mvuke ukifuka kutoka kwenye kuta za mawe. Nyuma yetu, upande wa kaskazini-magharibi, Ziwa Naivasha limetandazwa kama sinia ya fedha. Kaskazini-mashariki, milima ya Nyandarua imejifunika mawingu.

Magoti yangu yakakataa kuendelea. Njia ya kuuzunguka ukingo ni zaidi ya kilomita saba, na kilele kimo humo. Nikamtia binti yangu mkononi chupa yangu ya mwisho, nikamwombea dua, akashika njia ya kulia pamoja na kaka yake na askari wa hifadhi. Nikautazama mtandio wake mweupe ukipanda, ukawa kama kipepeo, kisha ukatoweka.

Nilikaa na tende zangu na uradi wangu. Saa nzima sikuona mtu. Hapo ndipo nilipojua kuwa babake hakuwa peke yake katika kusita. Nami nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wake.

Ilipokaribia saa sita, mtandio ukachomoza, lakini kwa mkono wa kushoto. Akaja amejaa vumbi, akinisimulia mlima Suswa aliouona kusini kutoka kileleni. Kisha akanirudishia chupa yangu, haijafunguliwa. "Nilijua utabaki na kiu, mama," akasema.

Tuliteremka, tukaswali Adhuhuri chini ya mlima, tukala mahamri yaliyobaki.

Nyumbani, babake aliniuliza nchi ikoje. Nikamwambia ni mbali, ina vumbi, na baridi ya alfajiri inauma. Kisha nikamweleza habari ya ile chupa.

Juma lililofuata alikwenda sokoni, akarudi na sanduku jipya la safari.