Deni Ambalo Hakuna Aliyenidai



Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu alinishika mkono nje ya ibada akaniuliza, "Pasta, watu wakuu wa Marekani ni akina nani? Tuna mjadala shuleni." Nikampa majina mawili, Ulysses Grant na Mark Twain. Mmoja alikuwa rais, mwingine mwandishi wa vitabu. Akaandika, akashukuru, akaenda. Lakini mimi nilirudi nyumbani na mzigo, kwa sababu majina hayo yameshikana na jambo la maisha yangu ambalo sijawahi kuliandika hapa. Leo naliandika. Ujumbe ni mrefu kidogo. Kama uko kwenye matatu, soma mpaka ushuke.

Grant ndiye jenerali aliyeongoza majeshi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Aprili 1865 Jenerali Robert Lee wa Kusini alijisalimisha mbele yake. Baadaye Grant akawa rais kuanzia 1869 hadi 1877. Simuiti mkuu kwa sababu ya hayo. Serikali yake ilikuwa na kashfa nyingi za ufisadi, na udhaifu wake mmoja ulikuwa kuwaamini watu wasiofaa kuaminiwa.

Mmoja wa watu hao alikuwa kijana aliyeitwa Ferdinand Ward. Grant, akiwa amestaafu, aliweka fedha zake katika kampuni ambayo Ward na mwanawe Grant waliiendesha huko New York. Ward alikuwa akiwalipa watu wa jana kwa fedha za watu wa leo. Mchezo huo hapa kwetu tunaujua, umewaliza wengi. Mei 1884, siku chache kabla mambo hayajaharibika, Ward alimtuma mzee akakope dola 150,000 kwa tajiri William Vanderbilt. Mzee akaenda kwa nia njema. Akapewa. Kampuni ikaanguka, na fedha zikaenda nayo.

Sasa sikiliza. Vanderbilt alikuwa tayari kulisahau deni lile. Grant ndiye aliyekataa. Akamkabidhi mali zake, pamoja na panga na zawadi za heshima alizopewa kwa ajili ya ushindi wake vitani. Jenerali akatoa panga zake kulipia fedha zilizoliwa na mtu mwingine.

Mwaka huohuo akagunduliwa kuwa na saratani ya koo. Hakuwa na cha kumwachia mkewe, Julia. Basi akaketi kuandika kumbukumbu zake. Ugonjwa ukamla koo hadi sauti ikapotea, akawa anaongea na watu kwa kuandika kwenye vipande vya karatasi, lakini kitabu hakukiacha. Alikimaliza siku chache tu kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885. Mapema 1886 Julia alipokea hundi ya dola 200,000 kutokana na kitabu hicho, na haikuwa ya mwisho.

Aliyempelekea hundi ile ni mtu wangu wa pili.

Mark Twain, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens, ndiye aliyetunga hadithi za Tom Sawyer na Huckleberry Finn. Alikuwa pia na kampuni ya kuchapisha vitabu, na ndiyo iliyochapisha kitabu cha Grant. Wachapishaji wengine walitaka kumpa Grant sehemu ndogo ya mapato. Twain akamwekea asilimia 70 ya faida.

Lakini Twain naye alikuwa na udhaifu wake, tamaa ya utajiri wa haraka. Kwa miaka mingi alimimina fedha zake na za urithi wa mkewe kwenye mashine moja ya kupanga herufi za kuchapishia. Mashine haikukoma kuharibika. Uchumi wa Marekani nao ukayumba mwaka 1893, na Aprili 1894 kampuni yake ikafilisika. Ikaacha wadai wapatao mia moja.

Kisheria, Twain angeweza kuwapa wadai wake sehemu tu ya walichodai, mambo yakaisha. Biashara nyingi zilikuwa zikiishia hivyo. Mkewe, Olivia, akasema hapana, kila mtu alipwe chake chote. Rafiki yao tajiri, Henry Rogers, aliyewasimamia mambo ya fedha, akashauri hivyohivyo. Twain akakubali. Alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba heshima ni bwana mkali kuliko sheria.

Julai 1895, akiwa na miaka 59 na jipu baya mwilini, akaanza safari ya kuzunguka dunia akihutubia watu kwa kiingilio. Alipitia miji ya kaskazini mwa Marekani, akavuka bahari. Alipofika Hawaii hakuruhusiwa hata kushuka, kwa sababu Honolulu kulikuwa na kipindupindu. Akaendelea Australia, New Zealand, Ceylon na India. Akavuka Bahari hii yetu ya Hindi kupitia Mauritius hadi Afrika Kusini. Usiku baada ya usiku alisimama jukwaani kuwachekesha watu ili alipe deni.

Mabinti wawili walibaki Marekani. Agosti 1896, safari ikiwa imekwisha na Twain yuko Uingereza, simu ya maandishi ikaja. Binti yake mkubwa, Susy, amefariki kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka 24. Mkewe na binti mwingine walikuwa bado baharini wakikimbilia kwa mgonjwa. Baba alikuwa peke yake ng'ambo ya bahari.

Unadhani nani angemlaumu kama angeacha pale? Hakuacha. Aliandika kitabu cha safari ile, kikatoka 1897, na mapema 1898 wadai wote walikuwa wamelipwa chao chote.

Wapendwa, Twain hakuwa mtu wa kuokoka. Alidhihaki mengi tunayoyaamini, ingawa mmoja wa marafiki zake wa karibu alikuwa mchungaji. Simleti hapa kama mfano wa imani. Namleta kwa sababu siku moja alinihukumu.

Habari zake nilizisoma nikiwa chuo cha Biblia. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja, na nusu ya vitabu ilikuwa misaada kutoka Marekani. Katikati ya fafanuzi za Biblia kulikuwa na kitabu kuhusu maisha ya Twain. Nilikisoma usiku, wakati nilipaswa kukariri Kigiriki. Tangu hapo nikawa nikihubiria vijana mfano wake.

Miaka ikapita, nikaanza kujenga kanisa. Mabati na simiti nilichukua kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa mshirika wetu. Nililipa kidogokidogo hadi zikabaki shilingi 74,000. Nilimwomba aandike. Akacheka, "Pasta, wewe ni mtumishi wa Mungu. Niandike nini?"

Miezi mitatu baadaye akafariki ghafla.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi matanga nilienda kweli. Nilikaa viti vya mbele. Nilipewa nafasi nikaomba, nikasema marehemu alikuwa mtu wa kuamini watu. Kisha nikarudi nyumbani na shilingi zake 74,000, na hakuna mtu duniani aliyezijua ila mimi, mke wangu na Mungu.

Nilinyamaza miezi saba.

Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kiroho. Ni nyumba ya Mungu. Kanisa ni changa. Labda Bwana mwenyewe amelifuta, maana si tulifunga siku tatu tukiomba madeni yafutwe? Mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Na lile deni?" Nikasema tuliombee. Hakuuliza tena, na kule kunyamaza kwake kulinikosesha usingizi.

Kisha nikaalikwa kuhubiri kwenye kongamano la vijana. Kichwa kilikuwa uadilifu. Ijumaa usiku nikatoa mfano wangu wa siku zote, nikaanza kuandika: alikuwa na njia halali ya kuponyoka, hakuitumia. Kalamu ikakwama. Mtu ambaye hata hakuwa akiimba tenzi zetu alizunguka dunia akiwa mgonjwa ili alipe. Mimi niliyejazwa Roho nilishindwa kuvuka barabara. Duka lile liko ng'ambo tu ya stendi.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Nilimkuta mjane wake kaunta. Nikamwambia yote. Alinitazama muda mrefu, akauliza swali moja, "Pasta, si ulikuwepo mazishini?"

Nikasema, "Nilikuwepo, Mama."

Sikuwa na neno lingine. Yeye naye hakusema nimesamehewa. Alifungua daftari, akaandika jina langu na ile hesabu, akanipa kalamu niweke sahihi. Nililipa 14,000 siku hiyo, zilizobaki 5,000 kwa 5,000. Kuna miezi nilikosa, nikaenda kumwambia kwa mdomo wangu. Ilichukua mwaka na miezi minne. Hajawahi kuingia kanisani kwetu, na sijamwalika. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya akasema, "Andika, jina langu uliache."

Nilipowaeleza wazee wa kanisa, mmoja alisema deni lilikufa na mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, mabati bado yako juu ya kichwa chako."

Kijana wangu wa mjadala, jibu kamili ni hili. Vita alivyoshinda Grant na vitabu alivyoandika Twain viliwapa jina. Tabia yao ilionekana pale sheria, au mdai mwenyewe, aliposema "nenda" nao wakabaki. Jina watu wanaweza kukupa. Tabia hakuna anayekupa, na mara nyingi hakuna anayeiona.

Zaburi ya 37 inamtaja anayekopa asilipe, na haimweki upande wa wenye haki. Zaburi ya 15 inasema anayekaa hemani mwa Bwana ni yule asiyegeuza neno lake hata likimuumiza. Na kumbuka yule mjane wa 2 Wafalme 4. Elisha alimwambia auze mafuta alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mungu alitenda muujiza, na muujiza ule ukapita kwa mdai kabla ya kufika mezani.

Bado naomba Mungu awafungulie watu wake milango ya fedha. Lakini siombi tena deni lifutwe kabla ya kuuliza, ni la nani, na yeye watoto wake wanakula nini?

Kwa hiyo wiki hii fikiria mtu mmoja. Labda ni mama mboga uliyebadilisha njia ili usipite kwake. Labda ni mwanachama wa chama ambaye umezuia namba yake ya simu. Labda ni dada aliyekulelea watoto akaondoka bila mshahara wa mwezi wa mwisho. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa hulia. Huyo dada hana wakili, lakini ana Mungu.

Kama huna cha kulipa, usijifiche. Nenda ukaseme ukweli, mwandikiane, anza na mia mbili. Hata Twain hakulipa kwa siku moja.

Tuombe. Baba, utusamehe tulipoita ukimya wetu imani. Utupe miguu ya kwenda, mdomo wa kukiri na kazi ya mikono ya kulipia. Walinde wajane waliobaki na madaftari yetu, na wale ambao hata daftari hawana. Katika jina la Yesu.

Amina. Kabla hujaandika Amina hapo chini, mpigie simu kwanza.

Mbarikiwe.