Uswidi Huuliza Karatasi, Kwetu Huulizwa Watu

Karibu kila wiki naletewa swali lile lile kutoka Dar es Salaam, Tanga au Mwanza: "Dada, masharti ya kuhamia huko Uswidi ni yapi?" Najibu kwa urefu, kwa kuwa mtu anastahili kuyajua yote kabla hajauza kiwanja. Lakini nimeona kwamba orodha ya masharti haitoshi. Wengi wetu tunakwama kwa sababu nchi hizi mbili zina namna tofauti za kumjua mtu. Kwetu mtu huthibitishwa na watu wanaomfahamu. Huku huthibitishwa na maandishi aliyoyaacha nyuma yake.

Nianze na milango yenyewe. Kwa Mtanzania, njia kuu za kupata ukaazi Uswidi ni kazi, masomo, familia na hifadhi ya ukimbizi. Tatu za kwanza kwa kawaida huombwa kabla ya kusafiri, kwa Migrationsverket, idara ya uhamiaji, na fomu hujazwa kwenye tovuti yake. Anayekuja kwa viza ya matembezi akitumaini kubadilisha akishafika, mara nyingi huambiwa arudi aombe akiwa kwao.

Mlango wa kazi umepandishwa kizingiti. Zamani mshahara wa kronor 13,000 kwa mwezi uliweza kutosha. Novemba 2023 sheria ikataka mshahara ufikie angalau asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu chini yake. Wakati huo kiwango kikawa zaidi ya kronor 27,000, na tangu hapo kimekuwa kikipanda. Kazi nyingi za usafi na za jikoni, ambazo ndugu zetu walikuwa wakianzia, hazikifikii.

Kabla hatujalalamika, tukumbuke sheria yetu. Mswidi anayetaka kuajiriwa Arusha anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Mwajiri wake hana budi kueleza kwa nini hakupata Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo, na kuonyesha mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeishika baadaye. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, na hata kikihuishwa jumla ya miaka yake ina kikomo. Kila nchi inalinda ajira za watu wake. Uswidi inatumia kima cha mshahara, sisi tunatumia muda na urithishaji.

Kwenye masomo ndipo tofauti ya malezi inapoonekana wazi. Mpaka mwaka 2011 vyuo vya Uswidi havikumtoza ada mwanafunzi yeyote. Tangu hapo anayetoka nje ya Ulaya hulipa. Juu ya ada, anatakiwa aonyeshe fedha za kujikimu, na fedha hizo ziwe katika akaunti yenye jina lake, au awe na ufadhili unaozifidia. Kwetu ada ni jambo la ukoo. Mjomba anatoa ng'ombe, shangazi anatoa akiba ya kikoba, kaka mkubwa anakopa kazini, na mtoto anasoma mpaka anamaliza. Barua ya mjomba mwenye maduka matatu Kariakoo, hata iwe na mhuri, haimsaidii mpwa wake mbele ya afisa wa huku. Kwa hiyo nawaambia wazazi: kama ukoo umeamua kumsomesha kijana, michango iingie benki kwa jina lake mapema na kila muamala uwe na maelezo, asije akaulizwa fedha zimetoka wapi akakosa jibu.

Mlango wa familia ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu unahusu mume, mke na watoto. Anayeishi huku akitaka kumleta mwenzake huhesabiwa kipato na vyumba. Baada ya kulipa pango, abakiwe na kiasi kilichowekwa kwa kila mtu wa kaya. Nyumba nayo iwe ya kutosha: wawili wasio na mtoto wawe na angalau chumba kimoja na sehemu ya kupikia, wakiwapo watoto vyumba huongezeka, na watoto wawili wanaweza kulala chumba kimoja. Kwetu bibi harusi anaweza kuanzia maisha nyumbani kwa wakwe, na hakuna anayekuja kuhesabu vyumba. Nawajua wanandoa ambao sharti hili limewatenganisha kwa muda mrefu. Hata hivyo, naielewa hoja yake: anayeletwa asifike akaishia kulala sebuleni kwa rafiki wa rafiki.

Kisha linakuja swali la ndoa yenyewe. Nawajua watu ambao mshenga alipeleka posa, mahari ikatolewa mbele ya wazee wa pande zote mbili, mtaa mzima ukala pilau, lakini cheti cha ndoa hakikufuatiliwa. Kwetu hilo halivunji nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Ukibisha, wanaoitwa kutoa ushahidi ni majirani na ndugu.

Uswidi nayo inawatambua wanaoishi pamoja bila ndoa. Huitwa sambo, na wanaweza kupewa kibali. Ushahidi unaotakiwa ndio mwingine: mkataba wa pango wenye majina yote mawili, barua zilizofika kwa anuani moja, tiketi za kutembeleana. Mwombaji anaweza kuitwa ubalozini aulizwe mlikutanaje, nani walihudhuria harusi, mwenzako anafanya kazi gani. Mwenyeji naye huulizwa yake, na majibu hulinganishwa. Sheria mbili zinakubali jambo lile lile, ila moja inamsikiliza jirani na nyingine inasoma mkataba.

Uswidi imefika hapo kwa njia ndefu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwataka makasisi waandike waliozaliwa, waliooana, waliofariki na waliohama parokia. Mwaka 1947 kila mkazi akapewa namba yake. Daftari likabaki mikononi mwa kanisa mpaka mwaka 1991, lilipohamishiwa mamlaka ya kodi. Afisa aliyeko Norrköping, kwenye makao makuu ya Migrationsverket, ni mtoto wa daftari hilo. Hajawahi kuhitaji balozi wa nyumba kumi aje kusema, "Huyu namjua, amezaliwa hapa." Hakudharau anapokuomba cheti, hana njia nyingine aliyofundishwa ya kukufahamu. Mtoto asiye na vyeti vya kuridhisha anaweza kupewa nafasi ya kipimo cha vinasaba, lakini hicho nacho ni karatasi ya maabara.

Wa kwetu wanaumizwa zaidi na majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, pasipoti ina "Ally" pale palipokuwa "Ali". Mtaani kila mtu anajua ni mtu mmoja. Kwenye faili la ugenini wanaonekana watu watatu. Rekebisheni tofauti hizo RITA, wanaosajili vizazi, na NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, kabla ya kuomba chochote. Na msimpe kishoka fedha. Hakuna dalali mwenye mkono ndani ya Migrationsverket, na cheti cha kughushi kinaweza kukuponza hata pale ambapo cha kweli kingekupitisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona undugu nao umeingia humo. Hata nyumbani mambo yanaelekea huko: laini ya simu inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Mpango wa RITA wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, umewezesha cheti kutolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mama anayekichukua anamtayarisha mtoto wake kwa shule, kwa mirathi na kwa safari ambayo hakuna anayeijua bado.

Sitaki tuache ushahidi wa watu. Mshenga, wazee na majirani ndio wanaoishika ndoa inapoyumba, na hakuna idara ya Uswidi inayofanya kazi hiyo. Nataka wao wenyewe wawe walinzi wa karatasi. Kamati ya harusi ijayo, ikishagawana kazi za ukumbi, mapambo na chakula, imteue na mtu mmoja wa kuhakikisha cheti cha ndoa kinatoka, majina yameandikwa sawasawa, na nakala imehifadhiwa kwa wazazi wa pande zote mbili.