Kisima cha Gede

Karani mmoja wa Machakos alimchukua mama yake mzazi, pamoja na mkewe na watoto wawili, wakaenda Malindi kupumzika kwa muda wa juma moja. Mama huyo alikuwa hajapata kuiona bahari tangu kuzaliwa kwake. Lakini safari ile ilikuwa na jambo jingine ndani yake. Karani alitaka kumshawishi mama aliache shamba la kijijini, ahamie nyumbani kwake mjini, kwa maana kisima alichokichimba marehemu baba kilikuwa kimekwisha kuongezwa kina mara mbili, na maji bado yalikuwa haba. Siku zote saba alilitafuta neno la kuanzia asilipate.

Siku ya kurudi, walipokuwa wametoka Malindi kiasi cha kilomita 16, watoto wakaona kibao cha magofu ya Gede, wakapiga kelele mpaka baba akakata kona. Yeye hakutaka, kwani alihesabu saa za njia. Hata hivyo alilipa kiingilio, na kijana mmoja Mgiriama akapewa kazi ya kuwatembeza.

Mahali penyewe ni msitu. Miti mikubwa imeota juu ya kuta, na mizizi yake imeyakumbata mawe kama vidole; kima nao hushuka kutazama wageni wana nini mkononi. Mji huo ulianza yapata karne ya 12, ukastawi sana katika karne ya 15. Ukuta wake wa nje ulizunguka eneo la hekta 18 hivi. Ndani yake mna jumba la mfalme, misikiti, na nyumba za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zenye vyoo na mahali pa kuogea, mambo ambayo vijiji vingi vya leo bado havina. Katika mavumbi yake vimeokotwa vyombo vya kaure na sarafu kutoka China, na shanga za nchi za mbali. Nyumba moja huitwa Nyumba ya Mkasi, kwa sababu mkasi ulionekana humo.

Mtoto wa kwanza akauliza ni Waarabu gani waliojenga. Swali hilo si la kumlaumu mtoto, maana hata wataalamu wa zamani walisema hivyo. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimbua hapo mwaka 1948, aliuona mji huu kuwa kazi ya wageni zaidi kuliko ya wenyeji. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba waliojenga ni Waswahili, watu wa pwani hiyohiyo, waliofanya biashara na dunia na kuoana na waliokuja. Mwaka 1927 Serikali iliyaweka magofu hayo chini ya ulinzi, na mwaka 2024 yakaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mama hakusikiliza sana habari za sarafu. Alipofika kando ya Msikiti Mkubwa alisimama penye kisima, akainama, akatazama chini kwa kitambo kirefu.

“Kiliongezwa kina hiki,” alisema.

Kijana alistaajabu, akajibu kuwa ndivyo wasemavyo wataalamu: maji yalizidi kushuka, watu wakachimba tena. Wengine hutaja vita na uadui wa majirani. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umekwisha kuhamwa.

“Na makaburi yao?”

Akapelekwa penye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mama hajui kusoma, akamwomba mjukuu amhesabie miaka. Mtoto alikosea mara mbili, kisha akasema imepita mia sita na zaidi. Mama akaligusa jiwe lile kwa kiganja, wakaondoka.

Njiani hapakuwa na mazungumzo mpaka walipopita Voi. Karani alidhani mama amelala. Huko Mtito Andei, waliposhuka kunywa chai, mama akasema, “Mwanangu, najua ulichonileteea pwani. Tangu siku ya kwanza nalikuwa nangoja useme.”

Karani akaona haya, akakoroga chai isiyokuwa na sukari.

“Nitakuja kwenu mavuno ya mbaazi yakiisha,” aliendelea mama. “Lakini shamba lisiuzwe. Na kaburi la baba yako halina hata jiwe. Watu watapita pale wakidhani ni kichuguu.”

Giza lilikuwa limeingia walipofika Emali. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa bado wazi. Karani alisimamisha motokaa, akanunua mfuko mmoja wa saruji, akauweka nyuma katikati ya mikoba na makombe ya watoto. Mkewe alimwuliza ikiwa anaikumbuka tarehe ya kifo cha mzee. Alikumbuka mwaka tu. Siku na mwezi alitajiwa na mama, gizani, kabla motokaa haijaondoka.